Mablanketi ya Durban Kijijini kwa Padri Bahati

Tangu nirudi, hakuna mteja anayekaa kwenye kiti changu cha saluni bila kuniuliza. Nasuka kichwa kimoja, nasimulia. Nashika kingine, naanza upya. Kila mmoja anaondoka na kipande chake, halafu anakwenda kukieleza vibaya kanisani. Wiki iliyopita nimesikia eti mama yangu alikamatwa na polisi wa Paris kwa sababu ya samaki. Si kweli. Samaki walipita vizuri kabisa. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, hasa kwa ajili yenu, akina mama wa misa ya Kiswahili, ambao mna haki ya kujua mablanketi yenu yalifika wapi. Habari za viza na makaratasi naziruka. Sote hapa tunazijua foleni hizo, hazina utamu.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni Neema, nina saluni ndogo nyuma ya maghorofa ya South Beach, na ninaishi na mama yangu, Mama Veronika. Kwetu ni milima ya Fizi, Congo. Vita ilipofika kijijini kwetu nyumba zote zilichomwa, na baba alifia ndani ya nyumba yetu. Mama na mimi tulivuka ziwa tukaingia Tanzania, kisha kidogo kidogo, miaka ikipita, tukafika Durban. Mdogo wangu Bahati alikuwa shuleni kwa mapadri, upande wa Uvira, akabaki huko. Alisoma, akapata upadri, kisha askofu wake akamtuma Ufaransa ambako mapadri wamekuwa haba. Mama alimwacha akiwa kijana ambaye sauti ndiyo kwanza inabadilika. Hakumtia tena machoni isipokuwa kwenye kioo cha simu, kwa picha yenye ukungu na ya kukatikakatika. Ndiyo sababu tulisafiri.

Durban: sanduku la pili

Jirani yetu Sipho alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Alipoinua sanduku la pili la mama aliguna.

"Eish, Gogo! Unahama?" Gogo kwa Kizulu ni bibi.

Mama alicheka tu. Mimi sikutilia maanani, mpaka tulipofika kwenye mizani na binti wa shirika akatikisa kichwa. Mzigo umezidi sana, akasema, punguzeni. Nikalilaza sanduku sakafuni, watu wakitupita na mikokoteni yao, nikafungua zipu. Humo ndani hapakuwa na nguo hata moja ya mama. Kulikuwa na mablanketi ya kusuka kwa mkono, ya kila rangi, sweta za watoto wachanga, soksi, na miche ya sabuni iliyofungwa kwenye taulo.

"Mama, iko nini hii yote?"

"Vitu vya watu wa kwa Bahati."

"Watu gani?"

"Si wale waliopigwa mabombe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila Jumapili Bahati humpigia mama simu wakati mimi niko kazini. Alikuwa amemsimulia kwamba kijiji anachohudumu, huko Normandie, kilipigwa mabomu hadi haikubaki nyumba nzima hata moja. Nadhani alitaka kumfariji, ajue kwamba si sisi peke yetu. Mama akaenda kuwaeleza wenzake wa kanisani, na nyinyi mkaanza kusuka. Mlikubaliana nisiambiwe, kwa kuwa Neema ana maneno mengi kuhusu uzito. Nimewasamehe.

Nikamwambia pale pale sakafuni, "Mama, hiyo ni vita ya Wajerumani. Ya zamani. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Akanitazama kama namdanganya. "Kama ni ya zamani, juu ya nini mwanangu anaizungumzia kila Jumapili kama ya jana?"

"Mama, ni historia."

"Historia ya watu inapata baridi pia," akasema, na akakaa juu ya sanduku.

Mkimjua mama yangu, mnajua kwamba akikaa amekaa. Foleni nyuma yetu ilikuwa inarefuka. Nikafungua sanduku langu mwenyewe. Nikatoa viatu vya mvua, masweta mawili mazito, na ile gauni nyekundu niliyoinunua soko la Warwick ili nikawaonyeshe Wafaransa kwamba Durban tunavaa. Vyote nikampa Sipho, aliyekuwa bado amesimama nasi, arudi navyo.

"Sharp, sista," akasema huku akiikunjua gauni. "Mke wangu atakushukuru."

Addis Ababa: simu ya mjomba

Ndege ya pili ilichelewa. Walisema ni ukungu, kisha wakasema ni injini, kisha wakaacha kusema. Tukapewa kuponi za chakula, na mama akakutana na injera, ule mkate mpana na laini wa Waethiopia, kwa mara ya kwanza. Aliigusa kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ni chakula au ni kitambaa cha kufutia mikono. Nilipomwambia ni chakula, alionja, akakunja uso kwa ule uchachu, akasema wamesahau unga wao kwenye maji. Halafu akala yote, na nusu ya yangu.

Tukiwa tunangoja, simu yangu ikashika mtandao wa uwanja na papo hapo ikaita. Alikuwa mjomba Wilondja, kaka mdogo wa mama. Yeye amerudi kijijini kwetu tangu mambo yatulie upande ule, na familia kadhaa zimemfuata. Kwa muda mrefu sasa amekuwa akimtafuta mama kwa jambo moja.

"Neema, mpe dada simu," akasema. "Chef, mkuu wa kijiji, anagawa viwanja upya. Kiwanja kisicho na mtu kinapewa mwingine. Nimemwomba angoje, amekubali mpaka kiangazi kijacho. Baada ya hapo mimi sina tena la kumwambia. Nataka neno moja tu, nijenge au nisijenge?"

Nilimnyooshea mama simu. Akaisukuma kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayekataa chai.

"Mwambie niko safarini."

"Mama, amesikia uko safarini. Anauliza kiwanja."

"Mahali mume wangu alipoungua sipiki ugali," akasema. "Mwambie hivyo, ama usimwambie kitu."

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilisema mtandao unakatika, nikakata. Ndivyo mama alivyokuwa akifanya miaka yote. Mkisema Fizi mbele yake, alikuwa anasimama na kwenda kuosha vyombo. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni kwamba kiwanja kitakwenda, na pamoja nacho mahali pekee duniani ambapo jina la baba linajulikana.

Paris: mimi ni Mbelgiji

Paris niliiona kupitia dirisha la basi la kwenda stesheni, nayo ilikuwa na mvua. Stesheni ilikuwa na watu wengi na treni chache, kwa sababu wafanyakazi walikuwa kwenye mgomo. Kila mtu alisema "la grève, la grève" na kuinua mabega, kama sisi Durban tunavyosema umeme umekatika.

Nilikwenda dirisha la tiketi kwa mzee mmoja mwenye miwani. Alitaka kujua umri wa mama, kama anastahili nafasi ya wazee. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha Congo, "Septante-deux ans," yaani miaka sabini na miwili. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavua miwani.

"Madame ni Mbelgiji?"

Wafaransa, kumbe, sabini hawaiiti septante. Wanasema sitini-na-kumi, mambo ya ajabu kabisa, na mtu anayesema septante kwao ni Mbelgiji. Nikamwambia hapana, ni Mkongo wa Afrika Kusini. Alinitazama, akamtazama mama aliyejifunga kitenge juu ya koti, akaanza kucheka, nami nikacheka. Nadhani alikuwa ametukanwa na watu tangu asubuhi, na huo ulikuwa mcheko wake wa kwanza. Akatoka kwenye kile kibanda, akatupeleka mwenyewe hadi mahali mabasi yalipokuwa yanapakia abiria badala ya treni, akambebea mama sanduku la mablanketi. Alipolishusha alishika kiuno.

Nikampigia Bahati. Hakupokea. Nikaacha ujumbe kwamba tunakuja kwa basi, na kwamba sijui basi linatufikisha wapi. Muda mfupi baadaye simu ikazima kwa kukosa moto.

Basi, halafu matufaha

Basi lilitufikisha mji mdogo wenye stesheni iliyofungwa, likageuza, likaondoka. Tulibaki chini ya kibanda, mama, mimi, na masanduku. Baridi ya huko haipigi kama upepo wa baharini kwetu. Inaingia polepole na kukaa. Masweta yangu yalikuwa Durban kwa mke wa Sipho.

Lori dogo lililojaa matufaha lilisimama. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo, mashavu mekundu, buti za matope mpaka magotini. Akauliza tunakwenda wapi. Nilipotaja kijiji, akauliza kwa nani.

"Kwa Padri Bahati."

"Père Bahati! Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Na huyu ni mama yake."

Yule mwanamke alishuka bila kuzima injini, akamshika mama mikono yote miwili, akambusu kulia na kushoto. Mama, ambaye hakujua kuna busu la pili, aligeuza uso mapema na wakagongana pua. Tukapanda. Njiani alitupa mkate na kipande cha jibini kutoka kwenye karatasi. Mama alikinusa, akanigeukia.

"Neema, hiki kimekufa."

"Mama, ndivyo kinavyoliwa."

"Mtu ametupa lifti, sitaki kumwaibisha," akasema. Akatabasamu, akakifunga kwenye leso na kukitia mkobani, kikatunukia mpaka Jumatatu.

Barabara ilipita kati ya mashamba yenye ua mrefu wa miti, ng'ombe wanene wamelala kwenye nyasi mbichi. Mama alikuwa anatazama nje bila kusema. Halafu kijiji kikatokea. Nyumba za mawe, imara, madirisha makubwa, mtaa ulionyooka. Jambo moja lilinishangaza: nilitarajia kijiji cha zamani, kilichojipinda, lakini nyumba zote zilikuwa kama watoto waliozaliwa mwaka mmoja. Hata kanisa lilikuwa na mnara wa zege, mwembamba, wenye matundu ya vioo vya rangi.

"Wamevificha wapi?" mama akauliza.

"Vitu gani?"

"Vilivyovunjika."

Kabla sijajibu, kengele ya kanisa ililia, pigo moja moja, polepole. Mbele ya mlango gari jeusi lilikuwa limesimama, na watu waliovaa nguo nyeusi walikuwa wanaingia. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Unaona? Na wewe ulisema ni zamani. Bado wanazika!"

Kanisani

Sikupata nafasi ya kumzuia. Aliteremka, akakaza kitenge, akaingia. Nikamfuata na masanduku mawili, magurudumu yakigonga mawe.

Ndani kulikuwa kimya. Mjue kwamba msiba wa huko si kama wetu. Hakuna anayelia kwa sauti. Watu wamekaa wima, mikono magotini, wengine wanafuta jicho kwa ncha ya kidole, basi. Jeneza lilikuwa mbele, na padri amelipa mgongo, anatengeneza uvumba. Mama alipita katikati hadi karibu na safu za mbele, akaliona jeneza, akaweka mikono kichwani na kulia kama tunavyolia sisi.

"Eee baba weee! Umewaacha na nani! Umekwenda bila kuaga, baba weee!"

Kanisa zima liligeuka. Mtoto mmoja akapanda kwenye benchi apate kuona. Mimi nilitamani mnara ule uniangukie. Lakini nilikuwa namtazama padri, nikaona mabega yake yamesimama. Hakugeuka mara moja. Alikuwa na mnyororo wa chetezo mkononi, na moshi ulipanda wima. Kisha akageuka taratibu, mtu mzima mwenye upara na tumbo dogo, na kipaza sauti kilichobanwa kifuani kikapeleka neno moja mpaka nyuma kabisa.

"Mama?"

Mama alinyamaza katikati ya kilio. Hakumjua mara moja kwa sura, hilo nililiona. Alimtafuta usoni, kama mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa uliobadilika. Bahati akashuka ngazi na mavazi yake ya zambarau. Alipofika karibu alifanya kitu alichokuwa anafanya utotoni akiogopa kugombezwa, alijikuna sikio.

"Bahati," mama akasema. "Bahati wangu, umezeeka!"

Walishikana pale mbele ya jeneza la mtu mwingine. Mimi nikaacha masanduku yaanguke. Nilikuwa nalia, na nilipotazama pembeni niliona kwamba safu zote za mbele sasa zinalia pia, kwa sauti, wanaume kwa wanawake, kama bomba lililokuwa limeziba likazibuka.

Bahati alifuta uso kwa mkono wa kanzu, akawaeleza watu kwa Kifaransa huyo ni nani, akaomba msamaha, akaendelea na misa. Hakuna aliyeonekana kukasirika. Mama aliketishwa safu ya mbele, na pembeni yake alikuwa bibi mmoja mwembamba, nywele nyeupe fupi, aliyemshika mkono mpaka mwisho. Huyo alikuwa mjane wa marehemu. Anaitwa Madame Odette.

Nyumba ya padri

Jioni Bahati alinikopesha masweta yake matatu, nikayavaa yote kwa pamoja. Mama alipika ugali na wale samaki wakavu mliosikia habari zao, na Bahati alikula akifumba macho. Nilipomwonyesha sanduku alishika kichwa, akaniita kama utotoni, yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Neema, mimi nilimsimulia tu! Watu hapa wana mablanketi ya umeme. Tulifiche chini ya kitanda, baada ya safari yenu nitawapa maskini wa mjini."

"Mwambie mama wewe."

Hakumwambia. Padri anayezika na kubatiza katika makanisa zaidi ya kumi, alimwogopa mama yake kama zamani. Asubuhi mama aliuliza nyumba ya mjane iko wapi, kwa sababu mfiwa haachwi akae peke yake, akatoka na sanduku lake akiliburuta.

Kwa Madame Odette

Mimi nilikuwa mkalimani. Bahati alikaa kwenye ukingo wa kiti akitoa jasho.

Mama alifungua zipu, akamwekea Madame Odette blanketi magotini, lile la kijani na njano. Nikatafsiri. "Mama anasema limetoka kwa wanawake wa kanisa letu Durban. Walisikia kwamba kijiji chenu kilipigwa mabomu." Nikaongeza, "Alielewa kwamba ni juzi."

Bibi yule hakucheka. Alipitisha vidole kwenye ile mishono muda mrefu, halafu akaanza kueleza, nami nikawa nanong'ona Kiswahili kwenye sikio la mama.

Alikuwa na miaka minane. Walikimbia na ng'ombe mmoja na kitanda cha mtoto juu ya mkokoteni. Waliporudi hawakuweza kuitambua hata njia, mawe ya nyumba zote yalikuwa yamechanganyika. Waliishi kwenye shimo la kuhifadhia matufaha, kisha kwenye nyumba za mbao, miaka mingi. Yeye aliolewa akitokea kwenye nyumba ya mbao. Marehemu mumewe, Marcel, alikuwa mtoto wa fundi mwashi, wakakua pamoja wakisafisha matofali ili yatumike tena. Na vifurushi vilikuja kutoka nchi za mbali. Katika kimoja alipata koti la msichana mwingine, na kwenye mfuko wake kulikuwa na peremende iliyokwisha kunata.

"Sikujua nimshukuru nani," akasema. "Nitamshukuru mama yako."

Bahati aliacha kutoa jasho. Mama alikuwa amesogeza kiti.

"Muulize, walijuaje kiwanja ni cha nani?"

Madame Odette akatabasamu. "Tuligombana. Baba yangu na jirani hawakusalimiana hadi nimekuwa mama, kwa sababu ya mita moja. Padri alitaka kanisa kwanza, wakulima wakataka mazizi kwanza. Mazizi yalishinda."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hayo aliyaelewa. Nilipomwona anakunja pindo la kitenge nilijua swali linalokuja si la kijiji hiki.

"Muulize kama kuna mtu alifia ndani ya nyumba yao."

Nilisita. Bahati akaniambia taratibu, "Uliza, yaya."

Nikauliza. Madame Odette alitazama dirishani. Mdogo wake wa kiume, akasema, alikuwa na miaka mitatu. Ukuta ulimwangukia. Baba yake alipoanza kujenga, mama yake alikataa kurudi. Alibaki kwa dada yake, mbali, kwa muda mrefu. Alisema hatapika supu juu ya mtoto wake.

Niliposema hayo kwa Kiswahili, nilitambua kwamba ni maneno ya mama yangu mwenyewe, niliyoyasikia Addis. Mama akamgeukia Madame Odette.

"Halafu akarudi?"

"Akarudi," Madame Odette akasema. "Baba aliisogeza nyumba. Njooni mwone."

Tulitoka nyuma. Nyumba ilikuwa juu kidogo, karibu na barabara. Chini yake, palipokuwa na nyumba ya zamani, kulikuwa na bustani ya mboga, vitunguu vya majani virefu vimesimama kwa mistari, na kabichi, na maua machache yaliyokuwa yanamalizika na baridi. Hakuna kitu kilichojengwa pale tangu siku ile, akasema. Mama yake alilima pale kila asubuhi hadi uzeeni. Siku za kwanza alilia akilima. Baadaye alilima akiimba. Watoto wake wote walikula kutoka hapo.

Mama alishuka kwenye ule udongo na viatu vyake vya safari. Alisimama kati ya mistari. Akainama, akang'oa gugu moja, akalitikisa udongo, akang'oa jingine. Madame Odette alishuka pia, blanketi mabegani, akaanza upande wa pili. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, na mkalimani hakuhitajika. Mimi na Bahati tulibaki juu, tumeshikana mikono kama watoto, tukawatazama mpaka walipokutana katikati.

Aliponyooka, mama aliniambia, "Neema, nipe simu. Nataka Wilondja."

Mjomba alipokea mara moja. Mama hakusalimia.

"Jenga," akasema. "Lakini si pale. Sikia vizuri. Juu, upande wa barabara. Pale pa zamani pazungushiwe ua, papandwe lengalenga na sombe. Si maua, mboga. Mume wangu alipenda kula."

Upande wa pili nikasikia mjomba anapumua kwa nguvu na kusema, "Ndiyo, dada. Ndiyo, ndiyo."

Jumapili

Kuhusu mablanketi mengine. Kanisa lile la zege ni zuri, lakini kulipasha moto ni shida, na waumini karibu wote ni wazee. Jumapili Madame Odette alifika mapema na sanduku letu, akaweka blanketi moja kwenye kila benchi. Bahati aliwaeleza yalikotoka. Nikiwa nimekaa nyuma, niliona vichwa vyeupe vimeinama, na magoti yote yamefunikwa kwa rangi zenu: zambarau ya Mama Furaha, ile mistari ya kina dada wa mtaa wa Jacobs, na lile lililosukwa upande mmoja mrefu kuliko mwingine, ambalo mwenyewe anajijua. Mtu mmoja mzee alilala nalo wakati wa mahubiri. Bahati alisema ni sifa kwa blanketi, mimi nasema ni kwa mahubiri. Sweta za watoto zilikwenda kwa yule mwanamke wa matufaha, ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua.

Kurudi

Safari ya kurudi haina la kusimulia, treni zilikuwa zinatembea. Kumwacha Bahati kulikuwa kugumu, lakini si kama mara ya kwanza. Safari hii mama alimwekea ugali kwenye friji, akamgombeza kuhusu tumbo, akamwambia atangulie kuomba likizo ya kwenda Fizi. Sipho alikuja kutupokea. Mkewe alikuwa naye, amevaa gauni yangu nyekundu. Imemkaa vizuri kuliko mimi, sikuidai.

Jumamosi iliyopita mjomba alipiga simu nikiwa nafunga saluni. Mama alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha wateja, akaichukua mwenyewe. Walikuwa wamekwisha kuchimba msingi, na watu waliorudi walikuwa wamekuja kusaidia. Nilisikia majembe, na mtu akicheka.

"Dada," mjomba akasema, "fundi yuko hapa. Anauliza mlango utazame wapi."

Mama alifikiri. Hakuinuka kwenda kuosha kitu chochote.

"Utazame barabarani," akasema. "Nataka kuona nani mwingine anarudi."